Ujumbe Unaopita kwa Jirani

Mwaka 2005 watafiti walipanda Reventador, volkano hai ya Ecuador, wakatandaza vifaa 16 vya kupima mitetemo kwenye mstari wa kilomita 3 hivi. Kila kimoja kilikuwa na redio ndogo na betri. Kilicho juu kabisa kitasikikaje huku chini?

Tuanze na wimbi lenyewe. Wimbi la redio hutawanyika kadiri linavyokwenda, kama mwanga wa koroboi. Umbali ukiwa mara mbili, nguvu inayokufikia hubaki robo. Ukiwa mara kumi, hubaki moja ya mia. Hapo ni mahali peupe; karibu na ardhi na miti hupungua upesi zaidi. Kupaza sauti, basi, ni kuimaliza betri. Nafuu ni kumpa jirani ujumbe, naye ampe jirani yake, kila kifaa kikiwa mpimaji na tarishi wa wenzake.

Lakini tupige hesabu. Tuseme kila hatua hufanikiwa mara 90 katika 100. Hatua tano mfululizo zitafanikiwa mara 59 tu! Tumepata umbali, tumepoteza uhakika. Dawa yake ni jibu fupi: anayepokea hurudisha neno "nimepata", na mtumaji asipolisikia hutuma tena. Kwa majaribio matatu, uwezekano wa kukosa yote ni 0.1 × 0.1 × 0.1, yaani moja katika elfu. Hatua tano sasa hufanikiwa mara 995 katika 1,000.

Hesabu hiyo ina sharti, na kwangu mimi hapa ndipo penye kiini cha somo zima: majaribio yale yasikwame kwa sababu ile ile. Lori likiegeshwa katikati ya vifaa viwili, kurudia ni kubisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Ndiyo maana mtandao husukwa kama wavu. Kila kifaa kina majirani kadhaa; njia moja ikifa, ujumbe hupita nyingine. Masafa nayo hubadilishwa. Kwenye 2.4 GHz wimbi lina urefu wa sentimita 12.5 hivi. Likigonga ukuta na kurudi, hukutana na lile lililokuja moja kwa moja, na mahali pengine mawili hayo hufutana. Ukihamia masafa mengine, mahali pa kufutana napo huhama. WirelessHART, kiwango cha viwandani kilichotolewa 2007, hufanya hivyo kwa zamu za milisekunde 10.

Imebaki ncha moja isiyo na jirani: lango linalopokea data zote. Kule Reventador upimaji ulidumu siku 19, na umeme ulipokatika kwenye kituo cha kupokelea, data ilipotea ilhali vifaa vya mlimani vi hai. Ukijenga mtandao wa aina hii shambani au kiwandani, weka malango mawili, kila moja na umeme wake.