Mafunzo Niliyopata kwa Padre Kagame

Kwa miaka tisa nilifundisha ngeli za Kiswahili kama nilivyofundishwa mimi: orodha ya kukariri. Kisha, kwa Kifaransa changu cha kuungaunga, nikasoma La philosophie bantu comparée, kitabu ambacho Alexis Kagame, padre na mwanafalsafa wa Rwanda, alikitoa mwaka 1976, miaka mitano kabla ya kufariki. Nilijifunza haya:

1. Ngeli ni swali. Kwa kufuata ngeli, Kagame anagawa vilivyopo katika mafungu manne: muntu (mwenye akili), kintu (kisicho na akili), hantu (mahali na wakati) na kuntu (namna). Aristotle alihesabu kumi. Mimi nimetamka "mtu" na "kitu" tangu utotoni, na sikuwahi kujiuliza hiyo -tu imebeba nini.

2. Mahali na wakati ni ndugu. Hili nililibishia, hadi nilipojisikia nikisema "hapo zamani" na "hapo sokoni" katika hadithi moja.

3. "Kuwa" hakukai peke yake. Descartes alijithibitishia kwamba yupo kwa sababu anafikiri. Kagame anasema msikilizaji wa lugha za Kibantu bado atangoja: yu nani, au yuko wapi? Nikajaribu. Niliandika ubaoni neno moja, "Nipo." Mwanafunzi wa dawati la nyuma akauliza, "Wapi, Mwalimu?" Darasa likacheka. Mimi nilibaki naitazama ile -po ya mahali niliyokuwa nikiifundisha kila mwaka.

4. Sarufi si hakimu. Kwa Kagame, mnyama ni kintu. Kiswahili kinasema mbuzi anakula, sawasawa na mtu. Kipofu ana ki- ya kitu, lakini anakuja, si kinakuja. Mwanafalsafa Paulin Hountondji wa Benin naye alionya kwamba falsafa ni hoja za mtu anayezitetea mwenyewe, si imani ya jamii nzima iliyolala ndani ya lugha. Nadhani yuko sahihi. Hoja hizi ni za Kagame, na ndiyo maana tunaweza kumbishia.

5. Jibu la nyumbani lipimwe kwa majirani. Kitabu cha Kagame cha 1956 kilisimama juu ya Kinyarwanda. Miaka 20 baadaye alikipima kwa lugha nyingi za Kibantu.

Mwalimu mwenzangu, orodha ya ngeli inaweza kungoja wiki moja. Anza na "Nipo," uwaache wanafunzi waulize.