Jua, Vitamini D na Sukari ya Damu

JUMATANO

Soma Mwanzo 1:14–18 na Mathayo 5:45. Jua lilipewa kazi gani siku ya nne? Ni nani wanaolipokea?

Mwezi Juni na Julai upepo wa Ufipa ni mkali. Asubuhi pale Izia watu husimama kando ya ukuta wakiota jua, koti limefungwa hadi shingoni. Wanapata joto, nalo ni jema. Lakini mionzi inayotengeneza vitamini D ni haba jua likiwa chini. Huja kwa wingi jua linapopanda, kivuli cha mtu kinapokuwa kifupi kuliko urefu wake. Nayo haipenyi kioo cha dirisha. Ikigusa ngozi, mwili huanza kutengeneza vitamini hiyo, kisha ini na figo humalizia kazi.

Mwaka 2012 watafiti walitangaza vipimo vya damu vya Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania, watu wanaoshinda nje. Wastani ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, zaidi ya mara mbili ya 50 ambayo wataalamu wengi huiona inatosha. Mkulima wa maharage na ulezi anaishi karibu kama wao. Fundi cherehani anayeingia dukani alfajiri na kutoka jioni, haishi hivyo.

Seli za kongosho zinazotoa insulini hupokea vitamini D, na waliopungukiwa nayo mara nyingi hukutwa na unene au kisukari. Je, upungufu ndio chanzo? Si lazima. Vitamini hii hujificha katika mafuta ya mwili, hivyo unene wenyewe huishusha katika damu. Tena anayekaa ndani kutwa hukosa jua na mazoezi kwa pamoja.

Marekani, watu 2,423 waliokaribia kupata kisukari waligawanywa: wengine walipewa vidonge vya vitamini D kila siku, wengine vidonge visivyo na kitu. Matokeo yalitoka mwaka 2019, na tofauti haikutosha kuthibitisha faida. Uchambuzi wa mwaka 2023 uliounganisha majaribio matatu ulikuta hatari imepungua kwa asilimia 15. Majaribio hayo yalihusu kuzuia kisukari kwa watu ambao bado hawajakipata.

Soma Isaya 38:1–5, 21. Hezekia aliomba, akaahidiwa kupona, na bado tini ziliwekwa juu ya jipu lake. Basi mgonjwa wa kisukari anayeambiwa na jirani, au hata na mshiriki mwenzake, aache dawa akae juani, amepewa ushauri wa hatari. Alime, atembee, apate jua, na dawa aendelee nazo kama alivyoelekezwa kliniki.

Uyoga ukianikwa juani huongezeka vitamini D, jambo ambalo akina mama waanikao uyoga huenda hawajaambiwa. Samaki wenye mafuta wanayo pia. Wenye mapezi na magamba wapo tele Ziwa Tanganyika. Ndugu wenye ualbino wasisukumwe juani hata kidogo; kofia na mikono mirefu ni ulinzi wao, na vitamini hii waitafute katika chakula.

Jadilini: Katika kundi lenu, nani hushinda ndani kutwa? Je, yupo aliyeacha dawa kwa ushauri wa kanisani, na nani atakwenda kumwona wiki hii?