VERBU YA KINGEREZA: TUIJUE NAMNA GANI?



Siku moja mugeni aliyefika na ndege hapa Bangboka aliniambia: "Please water the flowers." Mimi nikasikia "water" tu. Nikakimbia, nikamuletea kikombe cha maji. Akacheka, akakunywa, akasema asante. Maua yakabaki na kiu. Nilijua maana ya neno, lakini sikujua kazi yake. Pale "water" haikuwa jina la kitu, ilikuwa verbu: kumwagilia maji.

Kwa Kiswahili verbu haijifichi. Wanavua, alivua, tutavua: mwanzo wa neno unaonyesha nani anatenda na wakati gani. Lakini kwa Kingereza maneno mengi hayana alama. Muangalie hizi mbili:

1. The Wagenia fish at the falls.
2. The Wagenia sell fish.

Katika ya kwanza "fish" ni verbu, kuvua. Katika ya pili ni jina, samaki, na verbu ni "sell". Tutajuaje?

Njia ya kwanza: tia "yesterday", ndiyo kusema jana. Neno linalogeuka ndilo verbu. "Yesterday the Wagenia fished." "Yesterday the Wagenia sold fish." Munaona? Samaki haikugeuka.

Njia ya pili: verbu zingine hazigeuki, kama "cut" na "put". Basi ukatae: "They did not cut the tree." Neno linalofuata "did not" ni verbu.

Njia ya tatu: angalia majirani. Nyuma ya "a", "the" ao "my" tunangojea jina, hata neno la kusifu likiingia katikati: "the big river". Sisi tunasema muto mukubwa, mito mikubwa; sifa inafuata jina na inageuka nalo. Kwa Kingereza inatangulia na haigeuki: "big rivers". Musiandike "bigs". Kosa hilo tunalileta toka Kifaransa.

Mujihazari na "s" vilevile. "The planes land": ni ndege nyingi. "The plane lands": ni ndege moja tu, na "s" ni ya verbu.

Wandugu, sisi wa kilasi cha sita tunaingia mtihani wa Leta mwaka huu. Pale hakuna kuuliza jirani, na mugeni wa kucheka na kusamehe hayuko. Mimi nilianza kutafuta kazi ya maneno nikiwa nimechelewa. Ninyi muko na wakati bado; musiupoteze.

Kazi ya nyumbani: "The cook rests because the girls cook the rice." Verbu ni ngapi, na ni zipi? Muniletee majibu siku ya Ijumaa kisha masomo. Atakayekosa tutasahihisha pamoja, bila kumucheka.

Kapita wenu, kilasi cha sita