Kando ya mto panda maua, sukuma wiki ipande nyumbani

Ukipita kando ya Mto Nairobi, kuanzia Korogocho na Dandora hadi Njiru, utaona mashamba madogo ya sukuma wiki, spinachi na nduma yaliyostawi ajabu, hata wakati wa kiangazi. Je, msomaji, umewahi kujiuliza mboga hizo hunyunyiziwa maji gani?

Maji ya mto huo huchanganyika na maji taka ya mitaa na uchafu wa viwanda. Kwa hivyo mboga zake zaweza kubeba hatari mbili. Ya kwanza ni viini na mayai ya minyoo, vinavyoleta kuhara, homa ya matumbo na kipindupindu. Hivi hufa mboga ikipikwa ikaiva. Ya pili ni madini mazito kama risasi. Yakishaingia ndani ya jani, hayaoshwi kwa maji wala hayaondolewi na moto wa jiko.

Mwaka wa 2007, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP) lilitangaza matokeo ya uchunguzi wa watoto 328 waliokuwa karibu na jaa la Dandora. Nusu yao walikuwa na risasi nyingi kupita kiasi katika damu. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto anayekua, humfanya mzito wa kushika masomo na humpunguzia damu. Hakuna kiasi chake kijulikanacho kuwa salama.

Simwambii mtu aache shamba linalomlipia karo. Namshauri abadilishe zao: shamba la mtoni apande maua ya kuuza, mboga azilete nyumbani. Ua haliliwi. Hutakiwa katika harusi, mazishi na makanisa, na pale City Market mjini maua yameuzwa miaka mingi.

MAUA RAHISI

Zinia, kosmosi na alizeti hazihitaji kitalu. Panda mbegu shambani mvua inapoanza, Machi au Oktoba. Zinia ziache nafasi ya sentimita 30. Mche ukifika sentimita 25, kata ncha yake ili utoe matawi. Utaanza kuvuna baada ya majuma manane hadi kumi.

Kabla ya kukata zinia, shika bua na ulitikise. Likiyumba, ua bado changa. Likisimama imara, liko tayari. Kata asubuhi mapema, ondoa majani ya chini na utie maua katika ndoo ya maji safi. Kadiri unavyokata ndivyo mmea unavyochanua. Kosmosi usiitie mbolea nyingi, itatoa majani matupu. Mbegu za alizeti ya mtoni zisiliwe, na mabua usiwape mbuzi wala ng'ombe.

MBOGA KATIKA GUNIA

Jaza gunia udongo uliotoka mbali na mto, jaa na barabara kuu, ukichanganya na samadi iliyooza. Katikati panga mawe madogo toka chini hadi juu ili maji yapenye. Toboa matundu ubavuni, panda miche, na unyunyizie maji safi ya mfereji.

JIKINGE

Maua humkinga mlaji, si mkulima. Vaa buti za mpira na glavu, kwani minyoo ya safura hupenya ngozi ya mguu na pepopunda huingia penye kidonda. Uliza kliniki kuhusu sindano ya pepopunda na dawa ya minyoo. Nawa kwa sabuni kabla ya kula, na viatu vya shamba viache nje, mbali na watoto.

Iwapo mtoto wako amekula mboga za mtoni kwa muda mrefu, naye huumwa tumbo mara kwa mara, amepauka au masomo yanamshinda, mpeleke hospitali. Mweleze daktari mboga hizo zilitoka wapi, hata asipokuuliza. Mara nyingi sisi madaktari husahau kuuliza.