Kichujio cha Hewa cha Pikipiki: Je, Kukibadilisha Huongeza Nguvu?



Katika vijiwe vya bodaboda vya Mtanda, mjini Lindi, kama ilivyo katika vijiwe vingi nchini, dereva mgeni hupewa shauri hili mapema: ondoa kichujio cha hewa kilichokuja na pikipiki, weka kile cha wazi chenye umbo la pia, nayo pikipiki itapumua na kuwa nyepesi. Kichujio hicho, ambacho mafundi wengi hukiita ea klina, huuzwa katika maduka ya spea kikiwa na rangi ya kupendeza na ahadi mbili: nguvu zaidi na mafuta kidogo. Somo hili linachunguza ahadi hizo, ili fedha unayoitoa ikurudishie thamani yake.

Jibu letu kwa ufupi ni hili. Kwa pikipiki ndogo ya kazi ambayo injini yake haijabadilishwa, kichujio cha wazi hakiongezi nguvu ambayo dereva ataiona katika safari zake za kila siku, bali huipunguzia injini ulinzi wake. Nafuu ya kweli hutokana na kichujio kinachostahili pikipiki hiyo, kilicho safi na kilichofungwa vizuri. Sababu zake ni hizi zifuatazo.

Kichujio hufanya kazi gani?

Injini haiunguzi petroli peke yake. Ili petroli iungue vizuri, kila kilo moja huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa. Ukigeuza hesabu hiyo kuwa ujazo, lita moja ya petroli huhitaji zaidi ya lita 9,000 za hewa. Dereva anayetumia lita nne kwa siku, basi, huipitishia injini yake takriban lita 36,000 za hewa kati ya asubuhi na usiku.

Hewa hiyo haichukuliwi mahali safi. Huchukuliwa barabarani, nyuma ya lori, katika mchanga wa njia za pembezoni na katika vumbi la barabara za vijijini. Kichujio ndicho mlinzi wa mlango. Huruhusu hewa ipite na kuzuia chembe za mchanga zisifike kwenye kabureta, valvu, pistoni na silinda.

Ahadi ya nguvu imetoka wapi?

Wahenga walisema lisemwalo lipo. Ahadi hii haikuzuka bure. Katika pikipiki za mashindano, injini hutengenezwa upya ili izunguke kwa kasi kubwa. Valvu, ekzosi na kabureta hubadilishwa pamoja, na hapo kichujio kinachopitisha hewa nyingi zaidi huwa sehemu ya kazi hiyo yote. Injini kama hiyo hufunguliwa mara kwa mara na kubadilishiwa vipuri, na mwenye nayo hategemei idumu miaka.

Pikipiki ya cc 100, 125 au 150 inayobeba abiria kutoka Mtanda hadi sokoni iko katika hali nyingine. Kuna sababu tatu zinazoifanya isinufaike na kichujio cha wazi.

Ya kwanza, kichujio cha awali kilicho safi si kizuizi cha hewa. Injini ya cc 125 yenye mipigo minne, ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, haiwezi kuvuta zaidi ya lita 375 hivi za hewa kwa dakika, na mtengenezaji huweka kichujio kinachotosha kiasi hicho. Isitoshe, dereva wa abiria ni nadra kufungua mkono wa mafuta hadi mwisho. Ukiwa umeufungua nusu, kinachobana hewa ni mlango wa kabureta wenyewe. Kubadilisha kichujio wakati mlango huo umefungwa nusu ni sawa na kupanua lango la ua huku mlango wa nyumba ukiwa wazi kidogo tu: watakaoingia ndani hawataongezeka.

Ya pili, hewa ikizidi pasipo petroli kuongezwa, mchanganyiko huharibika. Kabureta ina kitundu kidogo kiitwacho jeti, ambacho hupimwa kulingana na kichujio na ekzosi za pikipiki hiyo. Fundi akiweka kichujio cha wazi na kuiacha jeti ileile, injini hupata petroli pungufu kuliko inavyohitaji. Dalili zake ni injini kupata moto kupita kiasi, kukatakata unapofungua mafuta ghafla, kulipuka kwenye ekzosi unapoyaachia, na plagi kuonekana nyeupe badala ya rangi ya kahawia hafifu.

Ya tatu, boksi linalofunika kichujio si pambo. Ukubwa wake na mdomo wake husaidia mtiririko wa hewa injini inapozunguka polepole, yaani wakati wa kuondoka na abiria au kupanda mlima. Boksi likiondolewa, pikipiki inaweza kuwa nzito pale hasa unapohitaji nguvu. Aidha, kichujio kilicho wazi huweza kuvuta hewa iliyopashwa moto na injini, na hewa ya moto ni nyepesi kuliko hewa baridi.

Kwa nini, basi, madereva wengi husema wameona tofauti? Mara nyingi wamesikia tofauti. Boksi lilikuwa likizima mlio wa injini inapovuta hewa. Likiondoka, mlio huongezeka, na sikio huutafsiri mlio kuwa kasi. Wengine walitoa kichujio kilichokuwa kimeziba kwa miezi mingi. Nafuu waliyoipata ni ya kweli, lakini wangeipata pia kwa kuweka kichujio kipya cha aina ileile.

Vumbi la kusini na mkataba wa pikipiki

Barabara kuu inayotoka Dar es Salaam kupitia Lindi kwenda Mtwara ni ya lami, lakini kazi ya bodaboda haiishii kwenye lami. Kuanzia mwezi Juni hadi Oktoba, wakati wa kiangazi, barabara za udongo zinazoelekea mashambani huwa na vumbi jingi, na upepo wa kusi hulisambaza. Huo ndio wakati wa mauzo ya ufuta, na msimu wa korosho hufuata. Pikipiki hufanya kazi nyingi kuliko kawaida. Mvua zinapoanza, kichujio cha wazi hukutana na tatizo jingine: maji yanayorushwa na gurudumu huweza kukilowesha na kuzuia hewa.

Chembe ya mchanga inayopita kichujio huingia katikati ya ringi na silinda, huchanganyika na oili, na kuwa kama msasa. Silinda hulika kidogo kidogo. Mwanzoni hakuna kinachoonekana. Baadaye oili huanza kupungua bila kuvuja, moshi wa rangi ya buluu hutoka kwenye ekzosi, na pikipiki hushindwa mlima ilioupanda jana. Hapo fundi hana jingine ila kufungua injini na kubadilisha pistoni na ringi, na mara nyingine silinda yenyewe.

Tuchukue mfano. Tuseme kijana amepewa pikipiki kwa mkataba, nayo itakuwa mali yake akimaliza kuleta hesabu ya shilingi 8,000 kila siku kwa muda waliokubaliana na mwenye chombo. Injini ikilala kwa fundi siku nne, hesabu ya shilingi 32,000 inamsubiri, juu yake gharama ya vipuri na ufundi, na siku hizo nne nyumbani hakuingii kitu. Tena, injini haifi siku kichujio kinapobadilishwa. Hufa miezi kadhaa baadaye, pengine mkataba unapokaribia kwisha, na chombo anachokabidhiwa kuwa chake huwa kimekwisha nguvu. Aliyemuuzia kichujio hatakumbuka, na yeye mwenyewe huenda asihusishe mambo hayo mawili. Ndiyo maana tunamshauri dereva wa mkataba asibadilishe sehemu yoyote ya injini kabla ya kukubaliana na mwenye chombo, kwa maandishi ikiwezekana. Na kwa pikipiki iliyo ndani ya udhamini, mabadiliko ya namna hiyo yanaweza kumpa muuzaji sababu ya kukataa dai lako.

Usafi una faida gani?

Mwaka 2009 maabara ya taifa ya Oak Ridge nchini Marekani ilichapisha utafiti wake juu ya vichujio vya hewa vya magari. Katika magari ya kisasa yanayopulizia petroli kwa mfumo wa kielektroniki, kubadilisha kichujio kilichoziba hakukupunguza matumizi ya mafuta, ingawa gari lilishika kasi upesi zaidi. Katika gari la zamani lenye kabureta, kichujio safi kiliokoa mafuta kwa takriban asilimia 2 hadi 6. Utafiti huo ulihusu magari, wala hatuwezi kuhamishia tarakimu zake moja kwa moja kwenye pikipiki. Hata hivyo, pikipiki nyingi za kazi nchini bado zinatumia kabureta, na kanuni ni ileile: kichujio kikiziba, hewa hupungua, petroli huzidi, moshi huwa mweusi na plagi hujaa masizi. Kwa hiyo linda usafi wa kichujio ulichonacho kabla ya kufikiria kununua cha aina nyingine.

Namna ya kutunza kichujio

1. Soma kitabu cha pikipiki yako ujue aina ya kichujio na muda wa kukibadilisha. Ukifanya kazi kwenye vumbi, kikague mapema kuliko kitabu kinavyosema.

2. Kichujio cha sponji huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, hukamuliwa bila kusokotwa, na kuanikwa kivulini hadi kikauke kabisa. Kisha hupakwa oili kidogo na kukamuliwa ili ibaki unyevunyevu tu. Usikioshe kwa petroli: ni hatari ya moto, na petroli huweza kuharibu sponji na gundi yake.

3. Kichujio cha karatasi kavu hakioshwi. Kigongegonge taratibu, au kipulizie upepo mdogo kutoka upande wa ndani kwenda nje. Kikiwa kimechanika au kimejaa weusi, nunua kingine.

4. Kichujio cha karatasi iliyolowekwa mafuta kiwandani hakioshwi wala hakipuliziwi. Muda wake ukifika, hubadilishwa.

5. Baada ya kukirudisha, hakikisha kifuniko cha boksi na mpira wa kuunganishia kabureta vimekaza. Ufa mdogo hapo hupitisha mchanga wote ambao kichujio kingeuzuia.

Unapokwenda dukani

Si kila kichujio kisichotoka kwa mtengenezaji wa pikipiki ni kibaya. Kipo kinachotengenezwa na kampuni inayojulikana, kinachoingia ndani ya boksi lilelile na kuziba kingo zote. Hicho kinaweza kukufaa. Angalia jina la mtengenezaji, namba ya kipuri na nchi kilikotoka. Kilinganishe na cha zamani kwa ukubwa na kingo. Maandishi yenye makosa, chapa iliyofifia au bei ya chini mno ni dalili za bidhaa bandia.

Ukiambiwa kuwa kichujio kitaongeza nguvu au kupunguza mafuta, uliza: kwa kiasi gani, kwenye pikipiki ipi, na jeti ilibadilishwa? Mwombe muuzaji aandike ahadi hiyo kwenye risiti. Dai risiti ya EFD kila unaponunua, kwani pasipo risiti ni vigumu kuthibitisha ulinunua nini na wapi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza maelezo ya uongo au yanayopotosha juu ya bidhaa, na mlaji aliyepotoshwa anaweza kupeleka malalamiko yake Tume ya Ushindani. Masuala ya ubora na viwango yanashughulikiwa na Shirika la Viwango Tanzania.

Jipimie mwenyewe

Kama umekwisha kubadilisha kichujio na unataka kujua ukweli, usitegemee sikio. Jaza tangi hadi alama moja, andika kilomita, fanya kazi siku tatu, kisha jaza tena hadi alama ileile. Gawanya kilomita ulizokwenda kwa lita ulizoongeza. Rudisha kichujio cha awali kikiwa safi, urudie siku tatu nyingine katika njia zilezile na mizigo ya kadiri ileile. Kwa nguvu, chagua mlima mmoja, upande kwa gia ileile ukiwa na abiria mmoja, bila kuvunja sheria ya mwendo. Vitu hivyo viwili, hesabu ya lita na mlima uleule, vitakujibu kuliko maneno ya kijiweni.

Maswali ya kujikumbusha

- Je, nguvu ninayoitafuta imepotea kwa sababu kichujio changu ni kichafu tu?
- Je, fundi amenieleza kuhusu jeti, au amezungumzia kichujio peke yake?
- Je, injini ikiharibika, ni nani atakayelipa: mimi, mwenye chombo, au muuzaji?

Ukishindwa kulijibu swali la tatu, usinunue leo. Nenda kwanza ukasafishe kichujio ulichonacho.