Somo la Usalama: Mashindano ya Dunia ya Majini na Maji Yetu ya Isiolo

Tarehe 22 Juni 2022, mjini Budapest nchini Hungaria, mwogeleaji wa Marekani Anita Alvarez alimaliza zamu yake katika Mashindano ya Dunia ya Michezo ya Majini, akazimia na kuzama hadi chini ya bwawa. Kocha wake, Andrea Fuentes, alijitosa majini akiwa na nguo zake zote, akamtoa. Anita alipona.

Mashindano haya yalianza Belgrade mwaka 1973. Hujumuisha kuogelea kwa kasi, kuruka majini kutoka jukwaani, polo ya majini, kuogelea kwa maonyesho na mbio ndefu za baharini au ziwani. Kenya nayo imewahi kutoa waogeleaji wa kiwango cha dunia. Jason Dunford, mzaliwa wa Nairobi, alivunja rekodi ya Olimpiki katika mchujo wa mita 100 mtindo wa kipepeo huko Beijing mwaka 2008, akamaliza wa tano kwenye fainali. Mwaka 2010 alishinda dhahabu ya mita 50 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Delhi.

Isiolo ni kaunti kame, lakini maji huua hapa pia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Mto Ewaso Ng'iro hupokea maji kutoka Mlima Kenya na Aberdare, kwa hiyo unaweza kufurika Merti huku anga ya Merti ikiwa kavu. Laga nazo hujaa ghafla mvua inaponyesha mbali.

Mabingwa wanatufunza mambo manne.

Kwanza, kina hujulikana kabla ya kuruka. Chini ya jukwaa la mita 10, bwawa huwa na kina cha takriban mita 5. Maji ya silanga na mto ni ya matope, hayaonyeshi jiwe wala gogo. Usiruke kwa kichwa. Mtoni kuna mamba pia.

Pili, hakuna anayeogelea bila mwangalizi. Wanaoruka kutoka mita 27 husubiriwa na waokoaji walio tayari ndani ya maji. Mtoto anayechota maji au kunywesha mifugo aandamane na mtu mzima, na silanga iwekewe ua.

Tatu, mwokoaji awe na ujuzi. Fuentes alikuwa mshindi wa medali za Olimpiki katika kuogelea. Asiyejua akijitosa, huenda wakafa wawili. Piga kelele upate msaada, kisha mrushie anayezama kamba, au jerikani tupu lililofungwa kifuniko, maana huelea. Fimbo ndefu ya mchungaji pia hufaa, ukiwa umelala kifudifudi ukingoni.

Nne, heshimu nguvu ya maji. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima. Yakifika sentimita 60, husomba magari mengi. Subiri laga ipungue. Kuchelewa si kufa.

Aliyetolewa majini akiwa hapumui, mlaze chali, inua kidevu, mpulizie pumzi mdomoni mara tano, kisha mkandamize kifua katikati kwa nguvu na kasi. Endelea kwa makandamizo 30 na pumzi mbili hadi msaada ufike. Usimning'inize kichwa chini, wala usimkamue tumbo. Piga simu 999 au 112.

Maswali ya kujadili nyumbani:
1. Ni maji gani yaliyo karibu na boma letu, na nani huwaangalia watoto hapo?
2. Kamba na jerikani la uokoaji huwekwa wapi?
3. Laga ikijaa jioni, wachungaji watalala wapi?

Siku ya Kuzuia Vifo vya Kuzama Duniani huadhimishwa kila tarehe 25 Julai. Familia isisubiri siku hiyo kujibu maswali haya.