Kimenyukaji Kikomo na Zao la Kinadharia

Fundi ana fremu 100 na magurudumu 150. Atatoa baiskeli ngapi? Magurudumu ni mengi kuliko fremu, lakini ndiyo yatakayokwisha kwanza, kwa sababu kila fremu inahitaji mawili. Atatoa baiskeli 75, na fremu 25 zitabaki.

Katika mmenyuko wa kikemikali, dutu inayokwisha kwanza huitwa kimenyukaji kikomo. Ikiisha, mmenyuko husimama hata kama nyingine bado ipo. Kiasi kikubwa kabisa cha zao kinachoweza kupatikana, kikikokotolewa kutokana na kimenyukaji hicho, ndicho zao la kinadharia.

Mfano. Gramu 2.4 za magnesiamu ziliwekwa katika sm³ 75 za asidi haidrokloriki ya 2 M. Tafuta ujazo wa haidrojeni utakaopatikana katika halijoto na kanieneo sanifu. (Mg = 24; moli 1 ya gesi = dm³ 22.4)

Anza na mlinganyo uliosawazishwa. Bila huo usiguse kikokotoo.

Mg + 2HCl → MgCl₂ + H₂

Moli za Mg = 2.4 ÷ 24 = 0.10
Moli za HCl = 2 × 75 ÷ 1000 = 0.15

Hapa ndipo alama nyingi hupotea. Mtahiniwa huona 0.10 ni ndogo kuliko 0.15, akaandika haraka kwamba magnesiamu ndiyo kikomo. Amesahau ile 2 iliyo mbele ya HCl. Kulinganisha gramu nako hakumsaidii: moli 0.15 za HCl zina gramu 5.475, zaidi ya mara mbili ya gramu za magnesiamu. Uliza hivi: moli 0.10 za Mg zinahitaji HCl kiasi gani? Zinahitaji 0.20. Zilizopo ni 0.15 tu. Basi asidi ndiyo kikomo, ingawa ni nyingi kwa gramu na kwa moli.

Sasa iache magnesiamu. Tumia asidi peke yake.

Moli za H₂ = 0.15 ÷ 2 = 0.075
Ujazo = 0.075 × 22.4 = dm³ 1.68

Magnesiamu iliyotumika ni moli 0.075. Imebaki moli 0.025, yaani gramu 0.6, na katika maabara utaiona kwa macho chini ya bika, imetulia, haitoi mapovu tena.

Wakikuambia gesi iliyokusanywa ilikuwa dm³ 1.512, asilimia ya zao ni 1.512 ÷ 1.68 × 100 = 90%. Sababu rahisi ya kutaja: gesi kidogo ilitoroka kabla kizibo hakijafungwa. Ukipata zaidi ya 100%, rudi kwenye mlinganyo na ukague hesabu zako.

Jaribu: rudia swali hilo kwa sm³ 100 za asidi ya 3 M. (Jibu: kikomo ni Mg, dm³ 2.24)